Mdhamini wa Birago

Mzee Amankwa ameondoa saini yake.

Hapo ndipo tulipomwacha Kwadwo juma lililopita: amesimama mlangoni pa ofisi ya Fiifi Quansah, mshughulikia karatasi za uhamiaji, juu ya saluni ya akina mama, theluji inamyeyukia mabegani, na maneno hayo yamemgonga kama mlango wa chuma.

"Rudia," Kwadwo alisema.

"Kaka, nimeshakwambia mara mbili. Mzee amepiga simu asubuhi. Anataka jina lake litoke kwenye faili la mkeo."

"Kwa nini?"

"Hakusema. Wala halazimiki kusema. Mpaka siku mkeo atakapogongewa visa, mdhamini akisema sitaki, basi hataki."

"Fiifi, alisaini Jumapili! Mbele yangu! Kwa kalamu yangu!"

"Na leo ni Jumatano. Keti kabla hujaanguka. Si hicho, hicho kimevunjika mguu."

Kwadwo hakuketi. Wewe ungeketi?

Mwaka wa nne sasa mkewe Birago yuko nyumbani, Konongo, na yeye yuko Bronx, Amerika. Kwadwo uraia anao, mke anaye, mshahara ndio hana. Anaosha wazee katika nyumba ya kulelea wazee, na ubalozi ulishamwandikia bila kuzungukazunguka: kipato chako hakifiki, lete mtu wa pili abebe dhamana ya mkeo pamoja nawe. Akapewa mwaka mzima. Mwaka huo ameumaliza kwa kugonga milango. Mchungaji alimwahidi maombi. Rafiki yake wa utotoni alibadilisha namba ya simu. Mtu mmoja tu ndiye aliyesema ndiyo, na mtu huyo ni Amankwa, dereva wa basi la jiji, aliyetoka mji mmoja na marehemu baba yake.

"Faili linafungwa lini?" Kwadwo aliuliza, ingawa alijua.

"Ijumaa. Nisipolituma kabla ya saa sita mchana, mnaanza upya. Ada upya, foleni upya, picha za harusi upya."

"Miaka mingapi?"

"Hii ya kwanza imekula minne." Fiifi alitazama mlango, akashusha sauti. "Kuna jamaa anauza saini. Hati zake za mshahara ni nzuri kuliko za waziri."

"Za kweli?"

"Nimesema nzuri."

"Na wakigundua?"

"Mkeo ataiona Amerika kwenye televisheni mpaka azeeke, na wewe utakula ugali wa jela. Lakini mimi sijasema kitu. Umenisikia nikisema kitu?"

Kwadwo alifungua mdomo kuuliza bei. Akaufunga. Akateremka ngazi mbili mbili.

Hajafika barabarani, simu ikalia. Birago.

"Mume wangu, karatasi za Mzee zimeenda? Tangu Jumatatu uliposema zimeenda, sijaona ujumbe wowote kutoka ubalozini."

Angemwambia kweli hapo hapo, hadithi hii ingekuwa fupi.

"Zimeenda," Kwadwo alisema. "Ni mitambo yao tu, iko polepole."

"Mungu ambariki yule mzee. Nimeshaanza kugawa masufuria."

* * *

Mzee Amankwa alimfungulia, akampa kiti, akampa maji. Mgeni hanyimwi maji hata kama amekuja kuchoma nyumba. Kisha akaketi upande wa pili, magoti yao karibu yagusane, akamgeukia mkewe, Mama Pokuaa.

"Mwulize huyu kijana amekuja na nani."

"Nimekuja peke yangu, Mzee," Kwadwo alijibu. Akaiweka mezani chupa ya jini, ile pombe kali, aliyoinunua njiani.

"Mwambie basi hajafika."

"Mzee, nakuomba..."

"Na mwambie achukue chupa yake. Nina shinikizo la damu."

Mzee akaongeza sauti ya mpira kwenye televisheni. Mazungumzo yakaishia hapo. Kwadwo akainama kutafuta viatu vyake kwenye rundo la viatu mlangoni, machozi yanamzuia kutofautisha cha kushoto na cha kulia.

Mama Pokuaa alimfuata hadi kwenye ngazi, akavuta mlango nyuma yake.

"Mama, nimemkosea nini?"

"Jumapili uliondoka hapa lini?"

"Baada tu ya Mzee kusaini. Nilikuwa nawahi zamu."

"Haya. Jumatatu alfajiri mume wangu aliamka, akaoga, akajifunga kitambaa chake kile kizuri cha sherehe, akaketi sebuleni. Nikamuuliza, kuna msiba? Akasema, hapana, nawasubiri watu wa Kwadwo. Akasubiri. Chai ikapoa. Akachelewa kazini. Miaka yote anaendesha basi, abiria ndio humchelewesha yeye, yeye hajawahi kumchelewesha mtu."

"Lakini nilimshukuru! Nilimwambia asante hata mara kumi. Na kesho yake nikamtumia ujumbe."

"Ulimtumia vimikono."

"Eh?"

"Vile vimikono viwili vya njano vya kuomba. Alinionyesha. Akaniambia, Pokuaa, nimebeba mke wa mtu mabegani, na malipo yake ni vidole vya njano."

Kwadwo aliegemea ukuta. Hakuhitaji kuelezwa zaidi. Kwetu hata mtoto anayejifunza kutembea anajua: jambo kubwa halishukuriwi kwa mdomo siku ile ile. Unalala nalo. Alfajiri unarudi na watu wako na kinywaji, mnashukuru mbele ya mashahidi, ndipo jambo linakuwa limefanyika. Lisiposhukuriwa hivyo, liko hewani bado, na mwenyewe anaweza kunyoosha mkono akalirudisha mfukoni. Kwadwo alilijua hilo kama anavyojua jina la siku aliyozaliwa. Amerika ilikuwa imemwosha, zamu baada ya zamu, mpaka likatoka.

"Nitarudi kesho alfajiri na chupa tatu."

"Chupa hata mlevi analeta, mwanangu. Lete watu. Watu wa tumbo la mama yako." Mama Pokuaa alimshika mkono. "Usidhani ni kiburi tu. Anaogopa. Amesomewa zile karatasi. Mkeo akifika hapa akashindwa maisha, serikali itagonga mlango huu. Hata mkiachana itagonga mlango huu. Sasa anauliza: na Kwadwo akifa kesho, mimi nitagonga wapi?"

"Sina watu hapa, Mama."

"Una mjomba. Nsiah yuko hapo tu, anafunga mapipa."

"Mtaje mtu mwingine. Mtu yeyote."

"Mtu mwingine hakunyonya ziwa moja na mama yako."

* * *

Sasa elewa ukubwa wa jambo hili. Mwaka juzi, katika matanga ya mama yake yaliyofanyika ukumbini hapa Bronx, Kwadwo alishika kipaza sauti akamwambia Mjomba Nsiah mbele ya ukoo mzima: "Wewe si mjomba, wewe ni fisi. Ulikuwa unanusa kitanda cha mgonjwa kabla hajakata roho." Kisa kilikuwa nyumba ya marehemu pale Konongo. Nsiah anasema ni ya ukoo, na kwetu ukoo hufuatwa kwa mama. Kwadwo anasema ni ya mama yake, na amekwenda mahakamani. Tangu siku ile, wakikutana dukani, mmoja anatoka bila mkate.

Alhamisi Kwadwo hakwenda kazini. Alikwenda kwenye ghala la Nsiah, kule watu wanakopeleka mapipa ya mchele, mafuta na viatu yasafirishwe hadi bandari ya Tema. Alimkuta mjomba amekalia mfuniko wa pipa lililojaa kupita kiasi.

"Ah!" Nsiah alisema. "Leo fisi ametembelewa."

"Shikamoo, Mjomba."

"Usinisalimie bure. Njoo ukalie upande huu, mfuniko hautaki kushuka."

Wakakalia pipa pamoja, mgongo kwa mgongo, mpaka chuma kikabana. Nsiah akafunga komeo.

"Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa."

"Basi una shida. Furaha yako ungeila peke yako."

Kwadwo akamweleza yote. Amankwa, Ijumaa, uongo aliomwambia Birago. Alipofika kwenye vimikono, Nsiah alicheka mpaka akashikilia ukuta. Akacheka, akakohoa, akajifuta macho kwa shati.

Kisha akaacha kucheka.

"Nyumba."

"Nyumba ipi?"

"Usijifanye mtoto. Nyumba ya dada yangu."

"Ni ya mama yangu! Aliijenga kwa kuuza vitambaa!"

"Na mtaji wa vitambaa alipewa na nani? Na baba yako? Baba yako alikuwa hajui hata bei ya leso. Ukoo ndio ulimpa. Futa kesi. Tamka mbele ya mzee wa ukoo kwamba nyumba imerudi. Kesho alfajiri nitakuwa mjomba wako kuliko mjomba yeyote uliyepata kumsikia."

"Birago anaishi mle, Mjomba."

"Si anakuja Amerika? Mtu mmoja anahitaji nyumba mbili?"

"Hata faili likienda, visa itachukua miezi."

"Nimesema nyumba. Sijasema nitamfukuza mtu."

Kwadwo alitazama sakafu. Katika nyumba ile Birago alimgeuza mama yake kitandani, mchana na usiku, mpaka mwisho. Alimlisha uji kwa kijiko. Alimwosha akiwa hai, akamwosha akiwa maiti. Wakati huo huo Kwadwo alikuwa huku, analipwa kuosha mama za watu wengine.

"Ngoja nimuulize mke wangu."

"Muulize. Na ukishamuuliza kuhusu nyumba, mwambie na ule uongo wa Jumatatu, umalize yote kwa simu moja."

Kwadwo alitoa simu. Akalibonyeza jina la Birago. Kabla haijaita, akakata.

"Mpigie mzee wa ukoo," alisema.

Nsiah hakungoja aambiwe tena. Aliiweka simu juu ya pipa, spika wazi. Sauti ya mzee ikaja kutoka Konongo, nyembamba, jogoo wanawika nyuma yake. Kwadwo akatamka. Nyumba imerudi kwa ukoo. Kesi anaifuta. Hana neno, wala watoto wake atakaowazaa hawatakuwa na neno.

"Tumesikia," mzee alisema. "Nasi tuko watano hapa tuliosikia."

Nsiah akachomoa chupa ya jini kutoka kwenye pipa lililo wazi.

"Hiyo si ya mteja?" Kwadwo aliuliza.

"Nitaandika ilivunjika njiani. Kunywa."

Akanywa. Ikamuunguza hadi kifuani.

* * *

Ijumaa alfajiri Nsiah alitimiza neno lake, lazima tumpe haki yake. Hakuja peke yake. Alikuja na wazee wawili wenye fimbo na wanawake watatu wenye vilemba, watu ambao Kwadwo alikuwa akiwakwepa tangu matanga yale. Walijaza sebule ya Amankwa. Viatu mlangoni vikawa kama duka.

Mzee Amankwa alikuwa amejifunga kitambaa chake kizuri. Alikuwa amekivaa kabla hawajabisha hodi. Kwadwo alipokiona, aliinama kwa aibu.

Maji yakazunguka, salamu na habari zikala asubuhi karibu yote. Kisha Nsiah akasimama.

"Mzee," alisema, "kuna mtoto wetu alikuja hapa kuazima bega. Ukampa. Akaondoka mbio bila kugeuka kumtazama aliyembebea mzigo. Msidhani hana adabu. Adabu anayo. Aliisahau kwenye ndege."

Watu wakacheka. Mama Pokuaa akacheka kuliko wote.

"Sisi ndio watu wa tumbo la mama yake. Tumechelewa, tumekosa, tumepiga magoti. Hiki hapa kinywaji. Tunakushukuru kwa kile ulichotupa Jumapili, na tunashukuru kana kwamba leo ni Jumatatu."

Mzee Amankwa hakuigusa chupa.

"Nsiah. Huyu akianguka?"

"Utagonga kwangu."

"Na wewe ukianguka?"

Nsiah aliwageukia wenzake. Fisi huyu hakupenda swali lile hata kidogo. Lakini mwanamke mmoja, Mama Afrakoma, binamu wa marehemu, mnene, mwenye sauti ya soko, alimpokea:

"Utagonga kwangu, Mzee! Na mimi siangushiki, hebu nitazame nilivyo!"

Sebule ikapasuka kwa kicheko. Mzee Amankwa mwenyewe mabega yalimtikisika. Akachukua chupa, akaifungua, akamwaga tone kwa waliotangulia, akanywa, akampa mkewe. Kisha kwa mara ya kwanza tangu Jumapili akamtazama Kwadwo machoni.

"Kwadwo."

"Mzee."

"Mimi si mtu mgumu. Ila usimpandishe mtu kwenye gari langu halafu ushuke wewe."

"Sitashuka, Mzee."

"Lete kalamu."

Akasaini upya. Akampigia Fiifi mwenyewe, kwa sauti ya kutangaza kituo: jina langu lirudi.

Kwadwo alikimbia. Treni ilisimama katikati ya njia, likatangazwa neno ambalo hakuna aliyelielewa, abiria wakaguna. Alishuka kituo kilichofuata, akakimbia tena, karatasi zimo ndani ya shati, baridi inakata masikio. Alipanda ngazi za saluni akihema kama mbuzi wa mnadani. Saa ya ukutani ilikuwa inakaribia sita.

Fiifi alichukua karatasi bila salamu. Akaziingiza kwenye mashine moja moja. Ya tatu ikakwama.

"Usiivute! Fiifi, usiivute!"

"Nani anafanya kazi hapa, mimi au wewe?"

Aliitoa polepole, akainyoosha kwa kiganja, akairudisha. Akabonyeza. Wakatazama kioo. Kikazunguka, kikazunguka, kikatoa alama ya kijani.

"Imeenda," Fiifi alisema, akajimwaga kwenye kile kiti kilichovunjika mguu, akaanguka nacho.

* * *

Kwadwo alicheka peke yake barabarani. Akapiga simu Konongo. Iliita sana.

"Birago! Imeenda! Leo imeenda kweli!"

Nyuma ya Birago kitu kizito kilibwagwa chini.

"Leo?" Birago alisema. "Si uliniambia Jumatatu?"

"Nitakueleza yote, mke wangu. Yalitokea mambo, lakini..."

"Kwadwo, kuna wanaume watano uani. Wana mnyororo na kufuli mpya. Godoro langu liko nje. Cherehani ya mama yako iko nje. Wanasema ulitamka jana kwa mdomo wako mwenyewe."

"Mjomba alisema hatamfukuza mtu!"

"Sikuulizi mjomba alisema nini. Ulitamka, hukutamka?"

Basi lilipita, likamrushia Kwadwo maji ya theluji hadi magotini. Hakusogea.

"Nilitamka. Kwa ajili yako. Bila hivyo Mzee asingesaini, faili lingefungwa, tungeanza..."

"Mama yako alikata roho mkononi mwangu katika chumba kile. Hukuweza kunipigia simu moja ukaniuliza?"

"Ningekuuliza ungekataa."

"Ndiyo. Ningekataa." Nyuma yake mnyororo ulipita kwenye mlango wa geti, kiungo kwa kiungo. "Na ulijua. Ndiyo maana hukuuliza."

"Birago, nisikilize. Visa sasa..."

"Hiyo visa mpe mjomba wako."

Simu ikakatika. Alipiga tena. Ikaita mara moja, ikakatwa. Alipopiga mara ya tatu, ilikuwa imezimwa.

Saa sita mchana Bronx, jua linaelekea kuzama Konongo. Huo ndio mwisho wa siku tatu za Kwadwo, na gharama yake ni hii. Chupa tatu za jini, moja ya wizi. Zamu tatu za kazi, na onyo la mwisho la msimamizi. Nyumba ya mama yake, vyumba sita na kisima. Mke, nje, juu ya godoro, amezima simu. Na alichonunua kwa hayo yote ni saini moja, ya kumdhamini mwanamke ambaye huenda hataki tena kuja.